Kaka Alipoingia Kichakani Akiwa Hewani

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kazini. Watoto hawajambo? Sisi tunakula na tunalala. Zaidi ya hapo sina la kujivunia. Unisamehe mwandiko, naandika nimeketi kitandani kwa sababu mezani Mama anashona.

Najua umesikia nusu nusu habari za Kaka, na pengine umeiona ile video. Hata walimu wangu wameiona. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nitalia tu, na nina ombi.

Wewe umekua na Baba, unajua anavyowinda. Wakulima humwita pale nguruwe pori wanapovamia mashamba, naye huenda na bunduki yake ya kibali, kimya. Unaijua pia ile sheria aliyoachiwa na Babu: ukipiga na mnyama akaingia kichakani, unakaa chini. Hata kama damu unaiona, unakaa mpaka aliyepiga asimame. Mnyama aliyejeruhiwa akiachwa hulala akafa. Akifuatwa mapema hugeuka. Kisha Baba huvua kofia mbele ya mzoga. Sijawahi kumsikia akisimulia ameua nini.

Kaka ndiye aliyeanza kumrekodi kwa simu na kuweka mtandaoni. Mwanzoni ilikuwa heri. Wakulima wa mbali walimwona Baba kwenye ukurasa wa Kaka, kazi zikaongezeka. Siku moja Mama alimkuta Baba anachana nywele kabla ya kutoka. "Unaenda kuwinda au kuposa?" akamwuliza.

Halafu wafuasi wakawa wengi, wakaanza kudai. Kuvua kofia kuliwachosha. Walitaka damu, walitaka mguu juu ya mzoga, walitaka Kaka ajiite Komando. Alipomwomba Baba amgeuze nguruwe ili meno yaonekane vizuri, Baba alikataa. "Komando wa kioo," akamwambia. Tulicheka wote, Kaka naye. Vijana wengine wa hapa wakamwiga. Sasa wanaua hata majike yenye watoto, wanapiga picha, wanaacha nyama inaoza.

Asubuhi ya ile video nilikuwa jikoni na Mama, simu tumeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Kaka alikuwa hewani, anarusha moja kwa moja kutoka porini. Tuliona Baba anapiga, dume likayumba, likaingia kichakani. Baba akakaa. Kaka hakukaa.

Maneno ya watu yalikuwa yanapanda kwenye kioo. Ingia, Komando. Unaogopa nini, mtoto wa mama? Tuonyeshe au tunahama. Kaka aliyasoma kwa sauti, akacheka. "Haya jamani, twende wote," akasema.

"Kaa chini, mwanangu," Mama akaiambia simu, kana kwamba itamfikishia.

Tukamsikia Baba anapiga kelele, Baba ambaye porini hata kukohoa hujizuia. Kisha tukaona nyasi, tukaona mbingu, tukasikia sauti ambayo sitaiandika. Mioyo myekundu iliendelea kupanda kwenye kioo. Watu walidhani ni mchezo.

Baba alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Madaktari walihangaika na mguu wa kulia, lakini dume lilikuwa limeuharibu, wakaukata.

Tangu siku ile Baba hajakanyaga wodini. Bunduki ameirudisha polisi. Mama akimsihi, anamjibu, "Nikamwambie nini? Nilimwambia akae." Halafu anatoka kwenda kuwalisha mbwa, ambao wameshakula.

Linalonitisha zaidi ni hili. Ile video imemletea Kaka watu kuliko zote. Jana niliwakuta marafiki zake wawili kando ya kitanda wanapanga kurudi kwa Komando: watamfunga kwenye kiti nyuma ya gari la mizigo, awe anapiga kutoka hapo. Nilimwomba asikubali. Unajua mimi kusema mbele za watu ni shida, na sauti ilinitoka kama ya kitoto.

"Miwani, wewe soma vitabu vyako," Kaka akaniambia. "Bila hawa mimi sasa ni nani? Kilema wa kitanda cha dirishani."

Mwisho wa mwezi anaruhusiwa, na wale marafiki wamesema watamchukua wao, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyemwambia aje.

Kwa hiyo nakuomba umpokee, Shangazi. Huko kwenu hakuna pori, wala hakuna anayemwita Komando. Na wewe ukimkemea, hukasirika saa moja kisha akala.

Nilipofika hapa Baba aliingia. Aliichukua karatasi akaisoma amesimama, taratibu, mpaka mwisho. Nilidhani ataichana. Aliniwekea mapajani, akasema, "Andika kwamba nitamleta mwenyewe." Akafika mlangoni, akageuka. "Kama atakubali kuletwa na mimi."

Kesho atakwenda wodini kumwuliza. Sijui Kaka atamjibu nini.

Mama anakusalimu sana, na Bibi mshonaji wa jirani pia. Nisalimie wanao wote, hasa yule mdogo anayeogopa paka. Mungu akutunze, akuzidishie nguvu za kutubeba, maana tumekuwa wazito.

Mimi wako nikupendaye,
Miwani, kitinda mimba wa kaka yako