Tomke Juu ya Paa

Leer, 4 Machi 2019

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na joto la huko Brazili? Sisi wazima, ila mama anakohoa. Inasemekana serikali ya jimbo itaacha kugharamia karakana ya pamoja, ile inayotufundisha wanagenzi yale ambayo mafundi wetu hawayafanyi. Fundi wangu, Reemt, anajenga mapaa tu. Kutengeneza ngazi za nyumba nitajifunzia wapi? Na bila ngazi sifanyi mtihani. Baba ameanza kunitafutia kazi dukani.

Mjukuu wako,
Tomke

Blumenau, 20 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mgongo unanung'unika, lakini unanibeba. Mama anywe maji ya kitunguu na sukari. Duka litakungoja, usilikimbilie. Karakana niliyokuwa nikijifunzia ilipofungwa, nilivuka bahari nikijua nitarudi mwakani. Ng'ang'ania kwa Reemt mpaka akufukuze kwa nyundo.

Babu yako,
Habbo

Leer, 2 Juni

Babu,

Shikamoo. Mama amepona. Nisamehe kwa kimya, niliona aibu kuandika. Tulisimamisha paa la shule mpya. Fundi Reemt alikuwa amekaukiwa sauti, akanipandisha mimi juu ya paa, glasi mkononi, niseme mashairi ya kuliombea jengo baraka. Nikasahau mashairi yote. Chini alisimama Bi Folkerts, mkuu wa mafunzo ya ufundi wa jimbo, mikono mfukoni. Nikamwambia, "Mama, paa hili limesimamishwa na watoto wa karakana unayoifunga. La pili utapanda kulisimamisha mwenyewe?"

Watu wakacheka. Na desturi yetu unaijua: hakuna aliye chini anayesema neno mpaka seremala aliye juu anywe na kuivunja glasi. Basi nikaendelea kumsema mpaka koo likanikauka, nikanywa. Nilipoivunja glasi akasema taratibu, "Binti, fedha za karakana zimepitishwa juzi. Nilikuja kuwaambia."

Reemt alicheka bila sauti mpaka akakaa juu ya mbao. Ngazi naanza Septemba.

Tomke

Blumenau, 18 Juni

Tomke wangu,

Marahaba. Mwombe radhi yule mama, lakini usizidishe. Swali lako lilikuwa la haki. Nimecheka mpaka kahawa ikapoa. Jirani aliponiuliza kulikoni, nilimjibu kwamba mjukuu wangu anabaki kwenye ufundi.

Ukimaliza ngazi ya kwanza, ipande na kuishuka polepole, bila viatu. Mguu utakuambia kama vipandio vimelingana.

Babu yako, anayekuonea wivu kidogo,
Habbo