Salamu za Ubaoni

Jumanne, 6 Juni 1995

Mimi ni mke wa mtu! Acha niandike tena nione kama kalamu itakubali: mke wa Joakim. Tangu ile Jumamosi baada ya Pasaka, nikisikia "mke wa mwalimu" nageuka kumtafuta huyo mwanamke mwenye bahati. Kumbe ni mimi.

Leo kanipakia kwenye baiskeli tukaenda Dutwa kununua sufuria. Hanimuni yetu hiyo! Pamba imepasuka njia nzima, mashamba meupe kama shela langu. Nikamshika kiuno. Akasema nikizidi kubana tutaingia mtaroni. Nikabana. Tukaingia mtaroni! Sufuria imebonyea ubavu na sitaki inyooshwe. Kila nikipika nitacheka.

Ila kutulia siwezi. Joakim akienda shuleni nazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka jioni nisikie kengele ya baiskeli — kriiing, kriiing — maana huipiga kuanzia kwenye kona, kwa ajili yangu tu. Fomu foo nimemaliza, halafu nakaa kungoja kengele?

Jirani yetu kanicheka, eti bi harusi kakalia siafu. Mjane, Mkatoliki mwenzetu. Nikamuuliza nimwite mama nani, kwa jina la mtoto wake. Akasema hapana, niite Mayu, mama tu, Mayu Mektilda, inatosha. Kanipa michembe, viazi vikavu, kikapu kizima. Nampenda tayari. Nkololo nzima naipenda!

Alhamisi, 8 Juni

Nimepata kazi! Mshahara hamna, lakini kazi ni kazi. Mwalimu mkuu kanipa darasa la kisomo la akina mama, mchana watoto wakishatoka, tena katika chumba kile kile anachofundishia Joakim. Nitashika chaki aliyoshika yeye!

Akina mama wameomba wenyewe. Siku hizi pamba si ya chama cha ushirika peke yake, kampuni za watu binafsi zinaingia vijijini, kila moja na mizani yake na Kiswahili chake cha mbio. Mama wa watu kazoea Kisukuma, anabaki kutikisa kichwa. Basi wanataka tarakimu na wanataka Kiswahili cha kuulizia. Mayu Mektilda kajiandikisha wa kwanza. Kasema mizani ilimtazama machoni ikamdanganya, safari hii na yeye ataitazama.

Ijumaa, 9 Juni

Nimefanya nini, Mungu wangu.

Asubuhi kisimani. Kulikuwa na mwanamke amesimama peke yake na ndoo, mbali, anangoja wenzake wote wamalize. Nikadhani mgonjwa. Na mimi na hizi furaha zangu — nikamwendea, nikapiga goti kama nilivyolelewa kwetu Ipililo, nikamwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, mayu."

Ndoo ikamponyoka. Akafungua mdomo, sauti hakuna. Halafu ikatoka, imekwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa: "Mwangaluka."

Nikageuka. Waliokuwa wanafua waliacha kufua. Mayu Mektilda alijitwika ndoo ambayo haijajaa hata nusu, akanipita kama anapita mti.

Nilipomsimulia Joakim alicheka, kisha akaacha kucheka, akakaa chini. Yule ni Kwandu. Ametengwa. Ni mambo ya wakati ule wa kuua bibi vizee. Mama mkwe wake, bibi Nyanjige, alikatwa mapanga, eti mchawi kwa kuwa na macho mekundu. Macho ya moshi wa kuni! Kwandu aliona, akaenda polisi akataja watu watatu. Wakapelekwa rumande Shinyanga. Wawili wakaachiwa, ushahidi haukutosha. Wa tatu alikufa humo humo kwa kuhara kabla ya kesi kusikilizwa.

Wa tatu aliitwa Marcelo. Mtoto pekee wa kiume wa Mayu Mektilda. Sasa najua kwa nini hataki kuitwa mama fulani.

Kijiji kikakaa kikaamua kwamba Kwandu kauza watu. Hasalimiwi, hagawiwi moto, hachoti maji na wenzake. Anayemsalimia anatengwa naye. Mimi nimesamehewa kwa ugeni. Mara moja tu, hakuna ya pili.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani Mayu Mektilda kahamia benchi la mbele kabisa. Nimeangalia kitambaa chake cha kichwa misa nzima, sijui hata injili ilikuwa ipi.

Nimemfuata nyumbani. Hakunifukuza. Anapembua mtama, haniangalii. Kasema Marcelo usiku ule alilala kwake, alimsikia akikohoa. Kasema mtu anaweza kuona vibaya gizani, lakini kutaja jina la mtoto wa mwenzako, hilo halifanyiki gizani, linafanyika mchana mbele ya meza ya polisi. Nikamwambia pole. Akasema:

"Pole yako naipokea, ng'wana wane. Ila goti lako ulilipigia mahali pabaya."

Kaniita mwanangu bado! Nimelia njia nzima, na njia yenyewe ni hatua chache tu.

Jumanne, 13 Juni

Ugomvi wetu wa kwanza. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Nimempelekea Joakim uji shuleni. Yupo darasa la tano, somo la uraia, ubaoni mwandiko wake ule wa kupendeza: AMANI NA UMOJA. Watoto wamebanana watano watano kwenye dawati. Na dawati moja, la dirishani, lina binti mmoja. Peke yake. Kiwiko kakinyoosha hadi mwisho wa mbao kwa nafasi aliyo nayo. Nikajua bila kuambiwa. Ana mdomo wa Kwandu.

Nyumbani nikamuuliza: tangu lini? Akasema tangu aripoti hapa. Akimlazimisha mtoto mwingine akae naye, kesho yake mzazi anamtoa shule, na keshokutwa na yeye mwalimu anaombewa uhamisho. Asubuhi wote wakisema shikamoo mwalimu, yeye hujibu marahaba moja kwa wote, na ile marahaba inamfikia na binti naye. Ndicho alichoweza.

Nikasema: basi amani ni ya kunakili tu, siyo? Ugali tumekula kila mtu na upande wake. Baadaye kaniletea karanga za kukaanga kwenye kofia yake. Joakim wangu! Nimezila. Lakini sijasahau lile dawati.

Jumatano, 14 Juni

Kwandu kaja darasani kwangu.

Kasimama mlangoni na daftari la binti yake. Mayu Mektilda kainuka, wengine wakainuka, darasa limekwisha kabla sijaandika tarehe. Tukabaki wawili na madawati. Akaniambia taratibu: wenzangu mizani ikiwadanganya, wana jirani wa kuuliza. Mimi namuuliza nani?

Sikujua nimjibu kwa lugha gani ili isiwe salamu.

Ijumaa, 16 Juni

Nampenda, nampenda, nampenda!

Joakim kavaa shati lake la harusi, kaenda mwenyewe kwa Mzee Jilala, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, yule anayeogopwa hata na mbwa. Sikumtuma! Kaniambia tu, lile neno lako la kunakili limenikaa kooni.

Kumbe alikwenda na hoja. Akamuuliza mzee: redio yako kila asubuhi inasema hamjambo wasikilizaji. Kwandu naye ana redio ya marehemu mumewe. Je, redio imemsalimia? Mzee akasema redio haisalimii mtu, inasoma. Joakim akasema, basi na darasani ni hivyo hivyo, baba. Kinachoandikwa ubaoni hakisalimii mtu. Kinasomwa.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema huyu mwalimu ni mwongo wa kusomea. Lakini akakata shauri: salamu ni ya Kisukuma, ndiyo iliyokatazwa. Kiswahili cha ubaoni ni somo. Kwandu asome. Ila neno lisilo ubaoni, yeyote atakayelitamka kwake, ni salamu, na adhabu ni ile ile — kwake, na kwa mwalimu aliyefungua mlango. Naye mzee atakuja kusikiliza mwenyewe.

Yaani mimi. Yaani sisi. Kisima kimoja, kijiji kizima, na ndoa haijatimiza miezi miwili. Nimemkumbatia Joakim, moyo unakwenda kama cherehani, na sijui ni wa mapenzi au wa hofu.

Jumatatu, 19 Juni

Wamerudi! Hata Mayu Mektilda. Kasema hamfuati Kwandu, anafuata tarakimu, na tarakimu hazina ukoo.

Nimeandika shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo. Wakasoma wawili wawili, na Kwandu nikasoma naye mimi. Wanasema Kiswahili kinauliza sana kama mtu wa kodi. Mama mmoja kajibu "sijambo" kabla hajaulizwa, wakamcheka, akasema, "Nimemalizana naye mapema nikapike."

Mzee Jilala kakaa mlangoni na fimbo yake. Kila tulipotamka kitu aliangalia ubao kwanza kama kimo. Sidhani kama anajua kusoma. Lakini aliangalia.

Nimeshindwa kukaa tangu nirudi. Nimefagia uwanja mara mbili. Keshokutwa tunarefusha mazungumzo — nimeyatunga vizuri, kama salamu za watu wazima kweli!

Jumatano, 21 Juni

Mwandiko huu ni wa nani.

Niliandika ubaoni hivi:

Shikamoo.
Marahaba. Hujambo?
Sijambo. Watoto hawajambo?
Hawajambo.

Mepesi. Mazuri. Niliyafurahia jana mpaka nikamsomea Joakim akiwa ananawa miguu.

Leo anayesoma na Mayu Mektilda hakuja, yuko kwenye pamba. Wawili wawili wakakaa, Mayu akabaki. Mimi nilikuwa na Kwandu, kwenye dawati lile la binti yake. Nikasema haraka, Mayu, njoo usome na mimi, Kwandu atasikiliza. Akasimama, akajifunga khanga upya.

"Mwalimu hawi mwanafunzi," akasema. "Baki na ubao wako."

Akaenda kukaa dawati la dirishani. Mbele ya Kwandu.

Darasa zima likaacha kusoma. Mzee Jilala kauegemeza mgongo kwenye mwimo wa mlango.

Kwandu ndiye mdogo, ndiye aanze. "Shikamoo." Mayu Mektilda akajibu akiangalia ukuta: "Marahaba. Hujambo?" Tarakimu hazina ukoo, nikajiambia, maneno nayo vivyo hivyo. Kwandu: "Sijambo." Na hapo akanyamaza.

Na hapo ndipo na mimi nikausoma ubao wangu mwenyewe. Watoto. Mpumbavu mimi! Nimetunga, nimefurahia, nimemsomea mume wangu — na sikuona. Neno linalofuata ni la Kwandu kumuuliza mama wa Marcelo kama watoto wake hawajambo. Nikainua kifutio. Nilitaka kufuta.

Mayu Mektilda hakugeuka. "Usifute," akasema. Kisha kwa Kwandu: "Uliza. Imeandikwa."

Kwandu akashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. "Watoto... hawajambo?"

Ubaoni jibu ni moja tu. Wote tunalijua. Mayu Mektilda akauacha ukuta, akamtazama Kwandu machoni — nadhani ni mara ya kwanza tangu polisi. Akasema polepole, Kiswahili cha kuokota neno kwa neno:

"Mmoja hayupo."

Nikadhani atanyanyuka aondoke. Hakunyanyuka. Akavuta khanga mabegani, akauliza:

"Na mama mkwe? Hajambo?"

Hakuna mtu Nkololo aliyewahi kumuulizia bibi Nyanjige. Hata jina lake husemwa kwa kuzunguka. Kwandu akaweka kichwa kwenye dawati. Mabega yake tu ndiyo yaliyokuwa yanasema.

Fimbo ikagonga sakafu. Mzee Jilala kasimama.

"Mwalimu," akasema. Hakupaza sauti. "Hilo la mwisho. Nalo limeandikwa?"

Wote wakageukia ubao. Mistari minne. Neno "mama mkwe" halimo, hata asiyejua kusoma angeweza kuhesabu. Mayu Mektilda naye kanigeukia. Si kwa kuomba. Ananingoja tu.

Nilimfikiria Joakim. Nilifikiria kisima, na kusimama pembeni na ndoo mpaka wengine wamalize, miaka. Na sufuria yetu iliyobonyea, kwenye moto ambao hakuna atakayetugawia. Nikaokota chaki. Nikawapa mgongo wote, nikaandika chini ya mstari wa nne, herufi kubwa, chaki ikakatika katikati nikaendelea na kipande:

Na mama mkwe hajambo?

Nikasema, "Limeandikwa, baba."

Mzee akaangalia ubao, kwa muda mrefu kuliko anavyoangalia mtu asiyejua kusoma. Akatoka. Baada ya muda mfupi nikamwona dirishani yuko na Joakim kwenye baiskeli zao, wanasukuma, hawapandi, wanaelekea kwake.

Akina mama wameondoka mmoja mmoja. Mayu Mektilda na Kwandu niliwaacha dawatini, hawaondoki. Ubao sijaufuta. Chini ya swali nimeacha mstari mtupu, na asubuhi darasa la tano wataukuta. Binti wa dirishani ataukuta.

Jua bado lipo. Ugali umeganda. Vidole vyangu vina chaki na sitaki kunawa. Nimesimama, nimekaa, nimesimama.

Namsikia Joakim kwenye kona, najua mnyororo wake unavyolia. Kengele hapigi. Siku zote hupiga. Na si miguu yake peke yake, kuna watu nyuma yake, na ndoo zinagongana, sijui wanakuja kututenga au kuchota nasi —