Baba, Mtoto Hachezi

Mamba, Same

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku milimani, ambako asubuhi ukungu ni mzito hata jirani humwoni, unamsikia tu akikohoa. Goti linaendeleaje? Mikorosho imeanza kutoa maua? Sisi huku wazima, na safari hii nikisema wazima nahesabu na mtu mpya. Fausta mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole, usiruke mistari kama ulivyozoea, na mkifika mahali pa kulia msilie, maana mwisho wake mnaujua.

Mume wangu aliwapigia akasema, "Ni msichana, wote wazima," kisha mtandao ukakata. Wanaume bwana! Habari ya kuzungumza mchana kutwa yeye aliimaliza kwa maneno manne. Mimi nataka uisikie yote.

Kwanza nikueleze kuhusu baba mkwe. Tangu niolewe hapa, mzee huyu na mimi hatukuwahi kuongea zaidi ya shikamoo na marahaba. Si ugomvi, ni haya. Sijui kama ndivyo Wapare wote walivyo na wakwe zao au ni yeye tu. Akitaka chai alikuwa anamwambia mbuzi aliyefungwa uani: "Wewe mbuzi, leo nyumba hii hawachemshi chai?" Nami namjibu mbuzi huyo huyo: "Chai iko mezani, mtu asije akasema hakuambiwa." Tukaishi hivyo kwa amani kabisa. Lakini habari za tumbo, hata mbuzi hakuambiwa. Mzee akipita, mimi najifunga khanga ya pili, yeye anatazama mawingu kana kwamba mvua iko njiani.

Mjukuu wako naye alikuwa na tabia zake. Kila asubuhi nikinywa chai ya tangawizi anaamka, anacheza mpaka khanga inatikisika. Jioni anashikwa na kwikwi. Wiki za mwisho aliacha mateke, akawa anajiviringisha na kujinyoosha, kisigino kinapita chini ya mbavu zangu. Nesi wa kliniki alinieleza kuwa nafasi imekuwa ndogo, kwa hiyo namna ya kucheza inaweza kubadilika, ila kucheza kwenyewe kusipungue. "Wewe ndiye unayemjua," akaniambia. "Ukiona amebadilika, amepungua, njoo siku hiyo hiyo."

Basi asubuhi moja nikanywa chai, kimya. Nikaongeza kikombe. Nikalala kwa ubavu wa kushoto, nikamsemesha, nikamwimbia na ule wimbo wako wa kutwangia. Akajisogeza kidogo, kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa kwa lazima, kisha kimya tena. Mama Nakunda, jirani yetu, alikuja kuazima chungio, nikamweleza. "Aa, mtoto akikaribia kutoka hutulia," akasema. "Anakusanya nguvu. Subiri kesho." Nilitamani sana kumwamini. Lakini mtoto huyu hakuwa yule ninayemjua.

Mama mkwe alikuwa ameshuka Same sokoni. Mume wangu yuko huko huko kwenye ujenzi, simu inaita haipokelewi. Nyumbani alikuwepo mzee peke yake, amekaa kibandani anaparua udongo kwenye tangawizi kwa kisu.

Nikasimama mlangoni pa kibanda, Mama. Nikamtazama mbuzi. Kweli kabisa, nilifungua mdomo nimwambie yeye! Ndipo nikakumbuka maneno yako pale stendi ya Newala siku naondoka. Ulinisimulia habari za yule aliyenitangulia mimi, jinsi ulivyoona amenyamaza tumboni, na nyumba imejaa wakwe waliokuja kwenye mavuno, ukaona aibu kusema mbele ya wanaume, ukangoja mpaka kesho yake, ukawa umechelewa. Ukanishika mkono ukaniambia, "Likikufika, usimwonee mtu haya."

Nikasema, "Baba, mtoto hachezi."

Mzee akaacha kisu. Akanitazama usoni, nadhani ndiyo siku aliyojua sura yangu vizuri. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Hakuuliza la pili. Sasa, mvua ilikuwa imekata barabara pale korongoni, anavuka wa miguu tu, na pikapu ya mnunuzi wa tangawizi ilikuwa imekwama huku kwetu na mzigo wake. Mzee ndiye anayetunza baragumu la msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Likilia, kila nyumba inatoa mtu, na asiyetokea anatozwa faini. Akalichukua, akalipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Watu wakaja na majembe na machepe, wengine wananung'unika: "Mzee, ndiva si tumeizibua juzi tu?" Ndiva ndilo bwawa letu la kumwagilia mashamba. Na yule mzee wa kutazama mawingu, Mama, akapaza sauti mbele ya kijiji kizima:

"Mkwe wangu ni mjamzito, na mtoto hachezi! Leo nataka njia!"

Hakuna aliyenung'unika tena. Walivingirisha mawe, wakalaza magogo, wakamwaga udongo, wakaushindilia kwa miguu huku wanaimba. Mama Nakunda, yule yule wa subiri kesho, nilimwona na jiwe kichwani, analia na kuwahimiza wenzake. Jua halijafika utosini, pikapu ikavuka. Nilitandikiwa godoro juu ya magunia ya tangawizi, nikashuka mlima nimelala kama bibi harusi aliyechoka na sherehe.

Mzee alikaa nyuma pamoja nami, amenishika bega kila kona. Niliogopa sana, na ili nisiisikilize hofu nikamsimulia habari zako, pamoja na yule aliyenitangulia. Tukafika tambarare. Kisha akauliza, "Mama yako anaitwa nani?" Nikamwambia. Akalirudia jina mara mbili tatu.

Hospitalini nesi alinusa hewa. "Nani huyu ananukia chai ya tangawizi?" Nikacheka huku machozi yananitoka. Akaweka kipimo tumboni, akatafuta, akahamisha, akatafuta. Kisha tukausikia moyo wa mtoto. Ulikuwepo! Ila ulikuwa unalegea, unashika tena, unalegea. Daktari akasema, "Umefanya vizuri hukusubiri. Tunamtoa leo." Wakanipasua, na mtoto alipotoka alilia kwa hasira, kitoto kidogo lakini sauti ya dalali wa mnadani. Mama, furaha ile siwezi kuiandika. Nilitaka kuwakumbatia wote, hata dereva wa pikapu.

Sasa tumerudi nyumbani. Kidonda kimefunga, maziwa yapo. Mama mkwe ananilisha makande mpaka naomba huruma. Pale korongoni watu wanapaita Njia ya Mtoto, na wakipita hapa wanadai kumwona, wanasema wana hisa. Mbuzi amestaafu kazi yake. Siku hizi mzee anaingia, anavuta kigoda, ananiuliza mwenyewe, "Mwanangu, umelala? Amenyonya?" Mara ya kwanza nusura niangushe kikombe.

Msalimie mjomba mwenye cherehani, mwambie shuka alizoshona ndizo zinazombeba mtoto. Msalimie shangazi aliyenifunda, na Padri wetu, na kaka yangu aliyeniapia kwamba Upareni nitakufa kwa baridi. Mwambie sijafa, tena nimeongezeka.

Jina nimeliacha mwisho kusudi. Hapa msichana wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, nami nilishajiandaa hivyo. Lakini siku ya kumtoa mtoto nje mzee alisimama mbele ya ukoo akasema, "Mtoto huyu yupo kwa sababu ya neno la mama mmoja aliyeko Newala. Mimi sijamwona, ila jina lake nalijua. Aitwe Skolastika." Mama mkwe akacheka, akanigeukia: "Mimi nitasubiri wa pili, ila usinicheleweshe!"

Kwa hiyo, Mama, una somo huku Mamba. Yuko mapajani mwangu sasa hivi, ameshika ncha ya karatasi hii na anarusha miguu mpaka mwandiko unapinda. Anacheza, Mama. Tangu asubuhi anacheza tu.

Mwanao akupendaye,
Oliva, Mama Skola