Sauti ya Sikio Moja

Shangazi, shikamoo.

Sijamwambia mtu mwingine: nimeiwekea kompyuta yangu mfumo mpya peke yangu, ule wa bure unaosoma skrini kwa sauti. Mwanzoni nilidhani nimeiua. Kimya kabisa! Kumbe ilikuwa inaongea kwenye spika za masikioni nilizozisahau kitandani.

Sasa shida ni kaka. Tangu aachishwe kazi gereji, kunisomea skrini ndiyo kazi aliyobaki nayo. Jana alinisomea polepole, huku mashine imeshamaliza kuninong'oneza sikio la pili.

"We kipofu wee, bila macho yangu ungefanyaje?"

"Ningepotea, kaka."

Akacheka, Shangazi. Tulikuwa tumeshasahau kicheko chake.

Akikupigia simu, tafadhali usimwambie kwamba naweza mwenyewe.

Mwanao