Debe la Mnunuzi

Daudi mjukuu wangu,

Mavuno mawili hujakanyaga hapa Mlali, kwani hapo Dodoma mjini umefungwa kamba? Shikamoo za kwenye simu nimezichoka. Sisi wazima. Shangazi yako Neema, anayeniandikia haya, amejifungua mtoto wa kike.

Amenisomea ujumbe wako, nikashtuka hadi nikaweka ungo chini. Eti lugha mnayotumia kuiamuru kompyuta inatumiwa dunia nzima, halafu kampuni yenu iliyoianzisha inataka kupanga kanuni zake peke yake? Na wewe umeitwa kikaoni ukubali, unaniuliza kuna ubaya gani!

Nilipokuwa msichana, tuligombana kila siku kwa vipimo vya mtama. Akaja mnunuzi na debe jipya linang'aa. Tukashangilia, mimi wa kwanza, tukaacha kupimia madebe yetu. Ugomvi ukaisha kweli. Mavuno ya tatu, nikajaza debe kuukuu la mama, nikamimina kwenye la kwake. Halikujaa! Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo, kimetuna kwa nje.

"Umeligonga!" nikapiga kelele.

Akacheka. "Binti, kwani debe ni la nani?"

Tukaendelea kumpimia kwa debe lilelile, maana kipimo tulimwachia wenyewe. Mpaka leo nikikumbuka naduwaa. Sisemi wakubwa wako ni wezi. Hata yeye alianza na debe zuri.

Ukija, usivue viatu kwanza. Simama mlangoni uniambie uliwajibu nini.

Bibi yako, anayekupenda kuliko hiyo kompyuta.