Prosesa ya Kasi na Salamu za Mzee wa Idete

Alhamisi, 9 Oktoba 1997

Sibadilishi prosesa ya kompyuta yangu. Kaka Deo anune mpaka achoke.

Leo alikuja tena dukani kwangu, ninapowachapia watu barua, na maneno ya fundi wake wa Dar. "Salome, kompyuta yako kobe. Weka prosesa mpya, barua zitatoka kama risasi."

Bei yake ni magunia manne ya mpunga. Mama amebakiza hayo hayo manne mpaka mavuno.

Sikubishana. Nilivua saa nikaiweka mezani. Akaingia mzee kutoka Idete, nikamwamkia, akaanza kutamka barua ya kumpelekea mwanawe huku nikichapa. Salamu za shangazi, za jirani aliyepona mguu, za mashemeji. Dakika ishirini na tano, na jambo lenyewe bado. Kompyuta imetulia tu, inatusubiri.

"Haya kaka, prosesa yako itamharakisha mzee wangu huyu?"

Mzee akacheka. "Mwanangu, usiifunge barua. Bado mashemeji wa Chita."

Deo akaondoka bila kuaga.

Kweli naliogopa lile duka jipya la stesheni, lina mashine ya kasi. Wateja wengine watahamia huko. Wahamie. Mpunga wa Mama hautoki ghalani.