Mkono Ulioufunika kwa Kitenge

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo, lakini moyo wangu kwako bado mchungu, na leo sitaficha kitu. Kuficha ilikuwa kazi yako.

Mahindi tumeshavuna. Majibu ya damu yako yalikuja wiki mbili baada ya kukuzika. Daktari aliniita, akanieleza kwamba shingoni mna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zinazotoa homoni ya kulinda kalisiamu kwenye damu. Zako zilikuwa hazifanyi kazi. Ndiyo maana vidole vilijikunja, ndiyo maana ulikuwa unaanguka. Hakikuwa kifafa, wala mapepo. Kisha akafunga faili, akasema, "Ni ugonjwa adimu sana, nesi. Huku kwetu usitegemee kumwona mgonjwa mwingine."

Adimu! Nani kahesabu? Miaka yote hiyo wewe ulihesabiwa kwenye kifafa, na aliyekuandika ni mimi mwanao, kwa mwandiko wangu, kwenye daftari la zahanati yetu. Unakumbuka siku ile nilipokupima presha? Mkanda wa mashine ulipokubana, vidole vyako vilijikusanya kama vya mtu anayechota chumvi. Ukauchomoa mkono, ukaufunika kwa kitenge: "Ondoa hilo lidude lako, unaniumiza!" Nikacheka. Nesi mzima, nikacheka.

Siku ya arobaini yako, pale nyumbani Nangara, nilikuja na mashine ileile. Nikasema nawapima presha tu, kumbe naangalia vidole. Kaka yako, Mjomba Tluway, alitoka Sigino na suti yake, lakini zamu yake ilipofika akaukalia mkono, mzee mzima. Nikajua. Kitinda mimba wako Yasinta nilipomfunga mkanda, dakika tatu hazikufika: vidole vilevile. Ndipo mama mdogo akaangua kilio. "Mikono hiyo ni ya kwetu, hata bibi yenu alikuwa nayo. Marehemu alituapisha isitajwe mpaka Yasinta aolewe."

Kumbe ulijua, Mama! Ulijua ni ya ukoo. Uliogopa wakwe watasema nyumba hii ina kifafa, ukaona bora mwanao akaanguke kwenye jiko la watu bila mtu kujua anaumwa nini. Mjomba akanikaripia: "Ukilitangaza hili, umeua ndoa ya mdogo wako." Nikamjibu, bora ife ndoa kuliko afe Yasinta. Nilipandisha sauti mbele ya wazee, ndiyo, na sijutii.

Posa imevunjika kweli. Upande wa kijana hawaji tena, hata salamu hawatumi. Mjomba amekubali kutoa damu, kwa matusi, na majibu yake ni kama yako. Yasinta anameza vidonge vya kalisiamu na vitamini kila siku. Juzi kapukuchua mahindi debe zima bila mkono kukakamaa. Lakini mimi hakunisemesha.

Haya, hesabu basi: bibi, wewe, mjomba, Yasinta. Ukoo mmoja. Sasa niambie, Nangara yote, Bonga, mpaka Dareda, ni kina mama wangapi wanaombewa mapepo kwa ajili ya mikono kama yenu? Mimi sijui. Daktari naye hajui, ila yeye ana neno "adimu" la kujifunikia. Mtu aliyefichwa hahesabiki, Mama, na kwa kuficha ulikuwa fundi.

Jana Yasinta aliingia jikoni, akafungua mkoba wangu, akatoa mashine. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu ile arobaini: "Wote umetupima. Leta na wewe mkono."

Nikaufunika kwa kitenge.

Ndiyo, mimi, mwenye mdomo. Nikamwambia mboga inaungua. Midomo yangu inakufa ganzi wiki ya tatu sasa, nayo ni dalili ya kalisiamu kushuka, na sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Ulinifundisha vizuri mno.

Basi pumzika, Mama. Kukusamehe bado, usinisukume. Lakini jana nimekuelewa, na hilo limeniuma kuliko kukuzika. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nitamwita Yasinta, nitauweka mkono huu mezani, wazi, afunge mkanda. Vidole vikijikunja, nitajiandika daftarini kwa jina langu lote, chini ya lako, ambalo nimeshalitoa kwenye kifafa.

Mwanao,
Paskalina